Tumbo la Siku ya Tatu

Katika wodi ya upasuaji nilikotumikia sehemu kubwa ya maisha yangu ya uuguzi, mtu aliyepigwa tumboni hatukumhofia sana siku anayoletwa. Siku hiyo kila mtu yuko macho: ndugu wamejaa mlangoni, daktari wa zamu yupo, dripu inaenda. Tulimhofia siku ya tatu, akiwa ameshaomba uji na kuwaambia ndugu wasihangaike kuleta chakula kwa kuwa kesho anatoka. Wauguzi wakubwa walionifundisha kazi walipita kwenye kitanda cha mtu wa namna hiyo mara nyingi kuliko kwenye kile cha anayelia. Walimshika mkono kana kwamba wanamsalimia, kumbe wanahesabu mapigo ya moyo.

Ini au bandama likipasuka, damu humwagika, na damu haijifichi kwa muda mrefu. Presha inashuka, viganja vinapauka, mgonjwa anatokwa jasho la baridi na kuomba maji. Utumbo una tabia nyingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya niandike haya baada ya kustaafu, kwa sababu barabara zetu, viwanja vyetu vya mpira na hata nyumba zetu zinatupatia majeruhi wa aina hii kila wiki, na wengi wao wanatembea.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Umening'inia kwenye utando uitwao mesenteri mithili ya khanga kwenye kamba, na mishipa ya damu inayoulisha hupita ndani ya utando huo. Ziko sehemu mbili ambazo utumbo hauko huru: pale juu kushoto unapoanza kuning'inia baada ya duodeni, kipande chake cha kwanza, na pale chini kulia unapokutana na utumbo mpana. Gari likigonga na mwili kusimama ghafla, ule ulio huru huendelea kwenda na ule ulioshikwa hubaki, basi kunachanika hapo hapo. Na kitu kikisukumwa tumboni kutoka mbele, iwe ncha ya usukani wa pikipiki, teke la ng'ombe au goti la beki, utumbo hubanwa kati ya kitu hicho na uti wa mgongo. Ngozi ya nje inaweza kubaki safi, au ikawa na alama ndogo ya duara ambayo mtu anaiona anapooga na kuipuuza.

Tundu likitokea sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, mara nyingi mgonjwa haanguki papo hapo. Kilichomo humo hakina bakteria wengi kama wa utumbo mpana, wala hakiunguzi kama asidi ya tumbo la chakula. Utando wa mafuta uliolala mbele ya utumbo unaweza kuja kuganda juu ya tundu na kuliziba kwa muda. Kwa hiyo saa za mwanzo zina maumivu ya kuvumilika, na Mwafrika mwanamume amefundishwa kuvumilia. Wakati mwingine ukuta wa utumbo haukutoboka hata kidogo, ila mesenteri imechanika na kipande cha utumbo kimekosa damu. Kipande hicho hufa polepole, kisha siku ya tatu au ya tano kinaachia. Na kuna ucheleweshaji wa taratibu kuliko wote, ambapo kipande kilichoumia hakifi, kinapona kwa kovu, kovu linajikaza, na baada ya wiki au miezi njia ya chakula inakuwa nyembamba.

Aina zote hizo nimeziona. Na karibu kila aliyetufikia akiwa amechelewa alikuwa ameshapita milango kadhaa, duka la dawa, zahanati, kituo cha afya, bila hata mlango mmoja kuambiwa habari ya pigo.

Kuna kijana wa bodaboda ambaye sitamsahau. Aliletwa usiku kwa rufaa. Barua ilisema homa, maumivu ya tumbo, kutapika. Ametibiwa malaria na UTI bila nafuu. Mtu yeyote anayeijua nchi yetu anajua kwamba maneno hayo mawili, malaria na UTI, yanatosha kufunga mazungumzo. Mgonjwa anaridhika kwa sababu ugonjwa umepata jina, na aliyemhudumia anaridhika kwa sababu dawa ipo.

Nilipomfikia, kitu cha kwanza nilichokiona ni jinsi alivyolala. Alilala chali, magoti ameyakunja, hajigeuzi. Mwenye tumbo la kukata, lile la kuja na kuondoka, hujiviringisha kitandani akitafuta mkao. Mwenye utumbo uliovuja hatikisiki, kwa sababu kila anapojitikisa ule utando wa ndani ya tumbo, ulioungua kwa uchafu, unamuadhibu. Hata kukohoa anaogopa. Nilihesabu mapigo yake, yakafika 130 kwa dakika. Tumbo lilikuwa limekaza, na nilipoligusa kwa vidole viwili alinishika mkono akaniomba niache.

Nikamuuliza kama kuna kitu kimempiga. Akasema hapana.

Aliyekuja naye alikuwa bibi yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniangalia kidogo, kisha akanivuta kando karibu na dirisha. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wanasema malaria. Mimi huyu nimemlea, malaria yake naijua. Juzi kaanguka na pikipiki, kanikataza nisiseme."

Niliporudi kitandani na kumwambia kijana kwamba nimeshajua, hakubisha tena. "Sista," akasema, "pikipiki si yangu." Ilikuwa pikipiki ya mkataba. Kila jioni alitakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, na siku akikosa deni linapanda. Alikuwa amemkwepa mbuzi, usukani ukageuka, ncha yake ikamwingia chini ya kitovu. Aliinuka, akajipangusa vumbi, wenzake wa kijiweni wakamsaidia kunyoosha kikanyagio, na kesho yake akapakia abiria. Alinunua diklofenaki duka la dawa, akameza, maumivu yakapungua, akaona amepona. Usiku wa pili homa ikaja.

Sijawahi kumlaumu. Kijana yule alikuwa anahesabu alichokuwa nacho: chombo cha mtu, leseni ambayo hakuwa nayo, na hofu ya kituo cha polisi. Hofu hiyo tunayo sote. Tanzania mtu aliyejeruhiwa anajua ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na wengi wanaamini bila hiyo hawataguswa. Serikali imesema mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Lakini kauli haijafika kila kijiwe, na kuna mapokezi ambako bado karatasi huulizwa kabla ya jina. Mtu akiogopa kuulizwa fomu, njia rahisi ni kusema ana homa. Homa haina PF3.

Eksirei ya kusimama ilionyesha hewa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hewa ikionekana hapo baada ya pigo, kuna kitu kimetoboka. Alfajiri aliingia chumba cha upasuaji. Tundu lenyewe halikuwa kubwa hata kidogo, lakini tumbo lilikuwa limejaa maji machafu na usaha, na madaktari walitumia muda mrefu zaidi kulisafisha kuliko kushona tundu. Alikaa kwetu wiki nyingi. Kidonda kiliachia, kikashonwa tena. Tulimwekea mpira wa puani na kumnyima chakula, na kila asubuhi daktari wa raundi alimuuliza swali ambalo huwatia haya wagonjwa wote: "Umejamba?" Siku alipojibu ndiyo, wodi nzima ilishangilia, kwa kuwa wagonjwa wa upasuaji wanajua kwamba upepo huo ndio ruhusa ya uji.

Alipona. Kama angeletwa jioni ile ile aliyoanguka, pengine angekaa siku chache tu na kurudi kazini akiwa na kovu jembamba. Kila saa inayopita utumbo ukiwa umetoboka hupunguza nafasi ya mtu kupona. Nimeona jinsi saa zinavyobadilisha kile madaktari wanachokikuta: mapema, tundu la kushona, baadaye, kipande cha kukata, baadaye zaidi, utumbo uliovimba kiasi cha kutoshoneka, ukalazimika kutolewa nje kwenye mfuko wa choo, na mtu anaishi na mfuko huo miezi kadhaa akijificha kwa watu.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye kumsimulia kunanigharimu zaidi. Alikuwa mama kijana, aliyeletwa wakati nikisaidia upande wa wanawake. Ndugu wa mume walisema aliteleza kisimani. Waliomleta hawakuondoka kando ya kitanda, na kila alipoulizwa jambo walijibu wao. Aliangalia dari. Tumbo lake siku ya kwanza lilikuwa laini, altrasaundi haikuonyesha kitu kikubwa, na wale waliomsindikiza wakaomba arudishwe nyumbani. Akaruhusiwa. Aliporudi alikuwa amevimba tumbo, anatapika kijani kibichi, miguu baridi. Safari hii niliwaomba ndugu watoke, nikavuta pazia, nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyemgusa tumboni. Alisema mumewe alimkanyaga. Alisema alikanyagwa akiwa amelala chini, ukutani, hakuwa na pa kujivuta.

Kipande kirefu cha utumbo kilikuwa kimekufa, kwa kuwa mesenteri ilikuwa imechanika. Madaktari walifanya waliloweza. Hakupona.

Tangu hapo, mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo na maelezo yasiyokaa sawa sikumuuliza mbele ya waliomleta. Siku hizi kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambapo mtu aliyefanyiwa ukatili huhudumiwa mahali pamoja. Ni hatua kubwa, na nawaheshimu wanaoifanya kazi hiyo. Lakini ili mtu afike huko, lazima kwanza apate dakika tano za kuwa peke yake na mtu anayemuuliza, na dakika hizo hutolewa na muuguzi au mganga aliye mapokezi, mwenye foleni ndefu na pazia lililochanika. Nawaomba wazitoe.

Watu huniuliza, mbona mashine zipo? Mashine zinasaidia sana, na nimefurahi kuona altrasaundi zikifika hospitali ambazo zamani hazikuwa nazo. Ila kila chombo kina upofu wake. Altrasaundi ni hodari wa kuona maji na damu tumboni, lakini hewa iliyomo ndani ya utumbo huizuia kuona utumbo wenyewe. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe hewa hata kama tundu lipo. CT-Scan inaona mengi zaidi, na bado inaweza kupitwa na jeraha la utumbo katika saa za mwanzo. Ndiyo maana madaktari wazuri niliofanya nao kazi waliandika kwenye faili neno ambalo ndugu wa wagonjwa hulidharau: kuangaliwa. Maana yake tumbo lishikwe tena baada ya saa chache, ikiwezekana na mkono uleule ulioshika mwanzo, na mapigo, joto na presha viandikwe, usiku kucha. Mkono uleule una faida kubwa, kwa sababu unakumbuka tumbo lilivyokuwa jana. Muuguzi mmoja akibaki na wagonjwa wa wodi nzima usiku, kazi hii ndiyo ya kwanza kufa, na hapo sitaki kumung'unya maneno: tunapopunguza wauguzi wa zamu ya usiku, tunapunguza macho ya kuona tumbo la siku ya tatu.

Kuhusu dawa za maumivu, zamani tulimwacha mgonjwa na uchungu wake mpaka daktari amalize kupima, tukiogopa kuficha dalili. Mafunzo yalibadilika, nami nikashukuru. Mtu aliye wodini anayeangaliwa apewe dawa ya kumtuliza, na mkono wa daktari bado utalisoma tumbo. Hatari iko kwa anayemeza diklofenaki nyumbani, peke yake, siku baada ya siku, huku hakuna anayemshika.

Naogopa msomaji asije akadhani kila tumbo lililopigwa ni la kisu. Tulikuwa na mtoto wa shule aliyeanguka na baiskeli, usukani ukamgonga juu ya kitovu. Baada ya kama siku mbili akaanza kutapika nyongo, hakuna kinachokaa. Baba yake alitaka afanyiwe upasuaji siku hiyo hiyo. Daktari bingwa alikataa. Alieleza kwamba damu imeganda ndani ya ukuta wa duodeni, ukuta umevimba ukaziba njia, lakini haujatoboka, na kwa watoto damu hiyo mara nyingi hunywewa na mwili wenyewe. Mtoto aliwekewa mpira wa puani na dripu, tukasubiri. Zilipita wiki mbili hivi, baba akihesabu kila siku kama tusi. Kisha mpira ukaanza kutoa maji kidogo, mtoto akaomba chai. Yule daktari alisubiri, lakini kila asubuhi na kila jioni alikuwa pale anashika tumbo. Nyumbani tunasubiri huku tumegeuza mgongo.

Na huyu wa mwisho nampenda kwa sababu ya nailoni. Alikuwa fundi ujenzi, amepigwa na boriti tumboni. Alilazwa kwetu, akaangaliwa, hakuna kilichojitokeza, akaruhusiwa akiwa mzima. Baada ya kama miezi miwili akaanza kusumbuliwa kila anapokula ugali. Tumbo linanguruma, linajaa, linakata, akitapika anapata nafuu. Akawa anakunywa uji tu, akakonda. Mtaani waliamua ni vidonda vya tumbo, naye akanywa dawa za vidonda, za hospitali na za kienyeji. Alipokwenda kituo kingine cha afya, mganga kijana alimuuliza kama ana kumbukumbu zozote za nyuma. Fundi akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kadi yetu ya kuruhusiwa, imekunjwa vizuri, haina doa. Mganga akasoma: pigo la boriti tumboni. Akamleta kwetu siku hiyo.

Alinyweshwa dawa nyeupe ya bariamu, picha zikapigwa kila baada ya muda, tukaona njia imekuwa nyembamba mahali pamoja na nyuma yake utumbo umetanuka. Kilikatwa kipande kifupi, ncha mbili zikaunganishwa. Kama si kadi ile, angeendelea na dawa za vidonda mpaka njia izibe kabisa.

Kwa hiyo kila niliyemruhusu baada ya pigo la tumbo nilimwambia maneno yaleyale, na ndugu yake akiwapo nilimtaka ayarudie nisikie. Maumivu ya misuli hupungua kila kukicha, yakiongezeka, rudi. Ukitapika, hasa kijani, rudi. Tumbo likivimba, homa ikija, choo au upepo ukikatika, ukiona damu kwenye choo, ukisikia kizunguzungu, rudi, na usile chochote njiani. Na kwa yeyote atakayekupokea, neno la kwanza liwe pigo: lilikuwa nini, lilikupata wapi, lini. Homa itaje baadaye.

Hivi karibuni mama jirani alikuja kwangu na mwanawe, amepigwa goti tumboni kwenye mechi ya ndondo. Niliwaandikia kwenye karatasi saa na pigo, nikawatuma hospitali. Mtoto alilazwa usiku mmoja, akaangaliwa, hakukutwa na kitu, wakarudi. Mama alinilalamikia nauli na fedha ya kitanda, na alikuwa na haki, kwa sababu ile ilikuwa pesa ya mtaji wa maandazi. Nilimwambia ukweli kwamba wengi wanaolazwa kuangaliwa hurudi nyumbani wazima, na gharama hiyo ndiyo inayomnasa yule mmoja ambaye si mzima. Hakuridhika sana. Akaniuliza aendelee kumchunga mpaka lini.

"Wiki hii mchunge kila siku," nilimjibu, "ale, apate choo, acheze. Baada ya hapo mwache aishi. Lakini kadi uiweke, na ndani ya miezi mitatu akianza kutapika chakula, nenda nayo."

Aliingia ndani kutafuta mfuko wa nailoni.